Si waende tu kwingine? Swampu za Uganda na ndege wanaotoka mbali

Kila mara swampu ikijazwa maramu, ule udongo wa kujazia, hapa Uganda na mtu akataja habari za ndege, kuna jibu moja halikosi: kwani ndege si wana mabawa, si waende tu kwingine. Nimelisikia stendi ya taksi, nimelisikia kwenye vikao vya kijiji, na watu waliosoma wanalisema vilevile. Mi sioni kama ni swali la kijinga, manake ukiliangalia haraka lina mantiki kabisa, ndege ametoka Poland ama Ukraine, amevuka bahari na jangwa la Sahara, leo uniambie ameshindwa kusogea kidogo kutoka ghuba la Lutembe, Ziwa Victoria, mpaka swampu ya jirani? Sasa hapo ndo pa kuanzia, kwa sababu ukielewa kwa nini hawezi kwenda tu kwingine utakuwa umeelewa karibu mambo mengine yote, mikataba, sheria, fujo za hati za ardhi, na kwa nini sisi tunaokunywa maji ya bomba Kampala tumo ndani ya hii habari.

Chukua huyu anayeitwa buabua mabawa-meupe. Ni ndege mdogo wa majini, hafiki gramu mia, akiwa huku kwetu utamwona ana rangi nyeupe na kijivu hivi, ikikaribia Aprili anaanza kuingia weusi mwilini, hapo ujue anajiandaa kurudi. Kwao pa kutagia ni mbuga zenye maji za Ulaya Mashariki, Poland, Belarus, Ukraine, na kuendelea mpaka ndani ya Asia. Wengi wanadhani anakimbia baridi, hapana, manyoya anayo, anachokimbia ni njaa: baridi ikiingia wadudu wanapotea na maji yanaganda, kwa hiyo anafunga safari. Kabla hajaondoka anakula mpaka anajaa mafuta mwilini, kuna aina za ndege wasafiri ambao wanakaribia kuongeza uzito wao mara mbili, na hayo mafuta ndo petroli yote aliyonayo ya kuvuka sehemu ambazo hakuna pa kushuka wala cha kula. Akifika upande huu wa jangwa amekwisha, anahitaji kula leo, si wiki ijayo. Halafu ikifika mwezi wa tatu au wa nne lazima ajaze tena kwa ajili ya kurudi, na akirudi amekonda anachelewa kufika, akichelewa anakuta sehemu nzuri za kutagia zimeshachukuliwa na wenzake, na mwaka huo anaweza asilee watoto kabisa. Yaani swampu iliyoharibika Uganda, hasara yake inaweza kuonekana kwenye kiota Belarus, na mtu wa kule hajui hata Entebbe iko wapi.

Kwa hiyo unapomwambia aende kwingine unamwambia atumie mafuta ambayo hana. Hilo la kwanza.

La pili, huko kwingine kuna wenyewe. Swampu si ukumbi mtupu unaongoja wageni, chakula cha pale kina walaji tayari, na ukiongeza walaji bila kuongeza chakula wote wanakula kidogo. Wataalamu wanaohesabu ndege wanalijua hili vizuri, ukiona ndege wameongezeka ghafla kwenye swampu moja usishangilie haraka, uliza kwanza wametoka wapi na huko walikotoka kumetokea nini.

La tatu ndo zito, na ndo watu hawalioni kabisa. Tunasema "swampu" kana kwamba ni kitu kimoja. Pale Lutembe, kaghuba kadogo upande wa barabara ya Entebbe, maji yamekingwa na visiwa vya mafunjo ambavyo karibu vinalifunga lile ghuba, upepo wa ziwa hauingii kwa nguvu, kuna tope la kina kifupi, na usiku adui hafiki kirahisi. Buabua mchana wanatawanyika ziwani kula sami, wale wadudu wadogo ambao mtu yeyote wa Entebbe anajua wakitua kwenye taa zinakuwaje, na jioni wanarudi kulala pamoja. Miaka mingine wamehesabiwa pale zaidi ya milioni moja. Milioni! Kwenye sehemu ambayo ukikodi mtumbwi unaizunguka yote ndani ya muda mfupi. Sasa nionyeshe ghuba lingine la namna hiyo, lenye tope hilo, kinga hiyo, na karibu na chakula hicho. Mbayuwayu wao hawataki tope, wanataka matete na mafunjo marefu ya kulala ndani. Korongo weupe wanaotoka Ulaya wanataka majani yaliyolowa lowa ambayo wanaweza kutembea wakiokota panzi na vyura. Vitwitwi, wale wadogo wanaokimbia kimbia ukingoni, wanataka tope tupu lenye maji ya kufika kifundo tu, maji yakipanda kidogo mdomo haufiki chini na kwao hapo si swampu tena. Unaweza ukawa na swampu kubwa kwenye ramani na ndege fulani akafa njaa katikati yake.

Na kuna hatari nyingine ya kuwabakizia sehemu chache. Januari 2017 watu wa Lutembe walianza kuokota ndege waliokufa, wengi wao hawa hawa buabua, na vipimo vikaonyesha ni homa ya ndege, H5N8. Ikaonekana pia kwa mabata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka na Kalangala. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda, na mfanyabiashara wa Busia ambaye hajawahi kumwangalia buabua maisha yake yote akakaa na mzigo. Sisemi kujaa ndo kulileta ugonjwa, ila ndege milioni wakilala kitanda kimoja ugonjwa ukiingia hauna mbali pa kwenda, na kadiri tunavyopunguza vitanda ndivyo tunavyowasukuma walale wamebanana zaidi.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kudhani kuna msimu wa ndege na msimu ambao swampu haina kazi, basi tuitumie wakati huo. Wa Ulaya wanakuja kuanzia Septemba na kuondoka Aprili hivi, ni kweli. Lakini kuna mbayuwayu mmoja wa buluu iliyokolea, anazaliana kusini, Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi, mpaka nyanda za juu za Tanzania, na kwao kukiingia baridi yeye anapanda kuja kwetu, kwa hiyo kati ya Aprili na Septemba yuko kwenye ardhioevu za Mabamba na Sango Bay, wakati wale wengine wameshaondoka. Na huyu yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini. Munyanyange, kale kaziwa ka chumvi karibu na Katwe, kanapata heroe wanaokuja na kuondoka kwa mahesabu yao wenyewe kufuatana na maji na chakula. Bado hujataja wenyeji, korongo nyangumi ambaye Waganda wanamwita bulwe, na yule korongo taji wa kwenye bendera, ambaye anataga katikati ya majani ya swampu na tangu 2012 ameingizwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Nchi imemweka ndege kwenye bendera halafu inafukia kitanda chake, mi hii kitu inaniuma sana.

Sasa tuje kwenye sheria, manake hapa ndo kamba zimefungana kweli.

Kuna mkataba wa dunia wa ardhioevu, ulisainiwa 1971 kwenye mji wa Ramsar kule Iran, ndo maana unasikia watu wakisema "Ramsa saiti". Uganda iliingia 1988 na ikaandikisha Ziwa George, baadaye Nabugabo 2004, halafu 2006 zikaingia nyingi kwa mpigo, Lutembe, Mabamba, Nabajjuzi, Sango Bay, Bisina, Opeta, Nakuwa, Mburo na Nakivali, na pale mto Nile unapoingia Ziwa Albert, na 2009 milima ya Rwenzori. Jumla 12. Na Novemba 2005 mkutano mkuu wa mkataba huo ulifanyika Kampala, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Ili sehemu iingie kwenye orodha kuna vigezo kadhaa na viwili vinahusu ndege moja kwa moja: iwe na ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, ama iwe inabeba angalau asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani. Kigezo kimoja kinatosha, na Lutembe inapita vyote viwili bila shida.

Ila elewa, kuandikishwa Ramsar hakuleti askari. Mkataba hauna polisi wala mahakama ya kumfunga mtu, unachofanya ni kuibana serikali kwa ahadi yake mbele ya nchi nyingine, na kuna mwingine wa aina hiyo wa ndege wa majini wanaosafiri kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ulioandaliwa 1995, Uganda nayo imo. Meno yanatakiwa yatoke hapa nyumbani. Na hapa nyumbani sheria tunazo, kwa haki kabisa tulikuwa mbele ya nchi nyingi: Katiba ya 1995 kifungu cha 237 inasema serikali, kuu au ya mtaa, inashikilia maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi na kwa faida yao wote. Kanuni za 2000 zikaongeza kwamba maziwa makubwa yaachiwe mita 200 kutoka ukingoni na mito mikubwa mita 100.

Sasa inakuwaje mtu ana hati ya swampu? Zingine ni za zamani, Buganda ardhi ya mailo, ile ya kumilikiwa moja kwa moja, ilianza kugawiwa baada ya makubaliano ya 1900 na hakuna aliyekuwa anachora mpaka wa mafunjo akisema hapa usivuke. Zingine zilitolewa baada ya 1995 na ofisi ambazo zilijua kabisa Katiba inasema nini. 2014 baraza la mawaziri likaamua zile za baada ya 1995 zifutwe, na kufuta kwenyewe kunakwenda polepole, kila hati ina mwenyewe, mwenyewe ana wakili, na benki nayo ilishatoa mkopo kwa dhamana ya hiyo hiyo hati. Halafu Juni 2024 tukaona swampu ya Lubigi, pale Kampala, nyumba za watu zinabomolewa, familia ziko nje na magodoro, na watu wakauliza kwa hasira mbona viwanda na mashamba makubwa yaliyo ndani ya swampu yamesimama. Mi nadhani hilo swali ni la haki. Uhifadhi ukionekana ni wa kumpiga mnyonge tu, yule mnyonge kesho hatakuambia akiona lori linamwaga maramu usiku, na bila yeye huna ulinzi wowote.

Lutembe yenyewe ni mfano. Pembeni ya ghuba kuna shamba la maua ya kuuza nje, na kwa miaka mingi kumekuwa na ugomvi juu ya udongo uliojazwa kwenye mafunjo na juu ya dawa za maua zinazoweza kuingia majini. Ramsar ipo, Katiba ipo, ndege milioni wapo, na bado mafunjo yamepungua. Ajira za shamba ni za kweli, sitaki kuzidharau, akina mama wengi wa pale wanalisha watoto kwa ile kazi. Ila shamba linaweza kukaa juu kilimani, na ghuba halina kilima cha kuhamia.

Kwa takwimu za serikali, 1994 ardhioevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi, na ile ambayo bado iko salama sasa ni asilimia 8.9 hivi. Inayoondoka haraka si ile ya mafunjo yenye maji mwaka mzima, ni ile ya msimu. Hii nataka tukae nayo kidogo manake ndo sehemu kubwa ya ardhioevu ya Uganda na ndo inayodanganya macho. Ukipita Januari unaona uwanja wa majani makavu, ng'ombe wanakula, mtu anasema hapa si swampu hapa ni shamba limelala, analima, mwaka wa pili anachimba mtaro ili mvua isimharibie mazao, jirani naye anachimba wake, na mitaro ikishaungana maji yanateremka yote kwa wiki chache badala ya kukaa miezi. Hakuna aliyefanya dhambi kubwa, kila mmoja kachimba kidogo tu, lakini udongo wa swampu ukikauka unasinyaa, unashuka, unapoteza ile hali ya kunyonya na kushika maji. Mashariki mpunga ndo umeongoza. Na tuseme ukweli wote: si kila mpunga ni kifo kwa ndege, skimu ya Doho kule Butaleja imeorodheshwa kabisa kama eneo muhimu la ndege, vitwitwi na korongo wanakula ndani ya majaruba. Lakini anayefaidi ni yule anayependa tope na maji ya wazi, anayeishi ndani ya mafunjo ameshafukuzwa, na dawa ikimwagwa bila mpango yule aliyebaki naye anakufa. Hapo ng'ambo tu, Bunyala nchini Kenya, watu wamewahi kutumia sumu ya Furadan kwa makusudi kuua ndege kwenye mpunga ili wawauze kama kitoweo. Binadamu anakula hiyo nyama.

Na hapo ndo unaona kwamba anachohitaji ndege na tunachohitaji sisi ni kitu kilekile, maji yanayotembea polepole. Swampu ya Nakivubo inapokea maji machafu ya Kampala kabla hayajaingia ziwani, na karibu na hapo ndo Ggaba, tunakochota maji ya kunywa. Mwaka 1999 wataalamu walipiga hesabu wakasema kazi ya Nakivubo ya kusafisha maji ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Baada ya hapo tumeendelea kulima magimbi na miwa ndani yake na kujenga, maji machafu yanapita mbio kwenye mtaro mmoja badala ya kuchujwa taratibu na mizizi, na gharama ya dawa za kusafisha inaingia kwenye bili. Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukakata barabara ya Masaka, magari yakazungushwa mbali sana, na juu na chini ya ile barabara, kwenye swampu ya Lwera, kote kumechimbwa mchanga na kulimwa mpunga kwa miaka. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini maji yaliyokuwa yanakaa kwenye swampu yalinyimwa pa kukaa.

Habari njema ni kwamba mafunjo yana roho ngumu. Ukiyakata yanarudi, ukiyachoma yanarudi, mradi maji yapo. Kwa hiyo kurudisha swampu mara nyingi si kupanda miti wala kufanya sherehe, ni kuziba mitaro maji yakae, halafu kungoja. Kazi ngumu ni ya yule aliyekuwa analima pale, atakula nini. Kuna mradi mkubwa wa serikali na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa hela za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, umejaribu hilo mashariki na kusini magharibi, watu wanatoka kwenye swampu wanapewa mabwawa ya samaki, ng'ombe wa kufungia, umwagiliaji mdogo pembeni. Mi napenda huo mwelekeo kuliko tingatinga.

Mabamba nayo inafundisha. Zamani wavuvi wa pale wakimwona bulwe walijua siku imeharibika, hakuna samaki, na wengine walimuua. Leo vijana wa hapo hapo wanapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta, mgeni analipa, na bulwe ambaye alikuwa mkosi amekuwa karo ya shule. Mvuvi bado anavua, sheria yenyewe inaruhusu kuvua kwa mitego ya kienyeji, kuvuna mafunjo ya mikeka na kuchota maji, hakuna aliyesema swampu ifungwe kwa kufuli. Tatizo ni kwamba si kila swampu ina bulwe wa kuleta watalii. Buabua milioni hawauzi tiketi, na ile swampu ya msimu ya korongo weupe haina hata jina kwenye ramani ya mtalii.

Ndo maana mi naona kitu cha kusukuma sasa hivi ni mipaka. Shirika la uhifadhi la NatureUganda na watu wa kujitolea wanahesabu ndege wa majini Januari na Julai, kwa hiyo tunajua nani yuko wapi, hiyo kazi inafanyika. Kinachokosekana ni kwenda chini, kwa miguu, na wazee wanaokumbuka maji yalikuwa yanafika wapi, na kuweka nguzo za zege ukingoni, hasa kwenye hizi za msimu, na kubandika ramani yake kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Sehemu chache nguzo zimeshawekwa. Pale zilipo mwenyekiti anasimama mbele ya lori anamwonyesha dereva nguzo, bila kupiga simu Kampala na kungoja wiki tatu. Pale ambapo hazipo dereva ana karatasi na mwenyekiti ana maneno tu, na lori linamwaga.